Unga wa Kutoka Myanga

Jumapili, Agosti 2009
Kitale

Mvua imeanza kabla ibada haijaisha, na mpaka sasa haijaamua kama inaenda au inabaki. Baridi ya Kitale ya mwezi wa nane mnaijua wenyewe. Nimekaa saiba, ile ya kompyuta za kukodi ghorofani juu ya maduka ya mitumba, na koti sijavua. Nyumbani kuna jiko la makaa na kiti changu, lakini pia kuna mtu ambaye leo sitaki kuuona uso wake.

Nimekasirika. Wacha niseme mapema, ili mtu asije hapa akitarajia mapishi.

Wale mnaonisoma kwenye blogu hii tangu mwanzo wa mwaka mnajua nilichokuwa natafuta. Kwa mgeni, ni hivi: nina ugonjwa wa sukari. Baba yangu alikuwa nao. Alianza kwa kiu, akaishia kukatwa mguu, na baada ya mguu hakukaa sana nasi. Kwa hivyo daktari aliponiambia kwamba na mimi ninao, sikulia. Nilikuja hapa hapa saiba nikaanza kusoma.

Nikakuta makanisa mawili. La kwanza ni la paleo, watu wanaosema binadamu ale kama wazee wa kale kabisa, wale wawindaji wa kabla ya jembe. Nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, mbegu. Nafaka hapana, maharagwe hapana, maziwa hapana, na sukari hata usiitaje. Kanisa la pili ni la watu wa mimea. Hao wanakuambia ule mboga, matunda, maharagwe, njugu na nafaka ambazo hazijakobolewa, na usiguse kitu kilichowahi kuwa na macho. Kila kanisa lina mashahidi wake waliopona. Kila moja linasema lile lingine litakuua.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Nimezoea watoto wawili kuletwa mbele yangu wakigombana na kila mmoja ana nusu ya ukweli. Nikasoma hizo imani mbili nikaona kwamba mahali zinapokubaliana ni pakubwa kuliko zinapopigana. Mboga kwa wingi. Chakula kisichotoka kiwandani. Sukari itoke, unga mweupe utoke. Nikasema basi nitazifungisha ndoa. Sahani yangu ijae mimea, na pembeni kidogo tu cha kutoka kanisa la wawindaji: omena, wale dagaa wa ziwani, yai, mara moja moja kipande cha kuku. Mboga zetu za kienyeji, mrenda, saga, managu, majani ya kunde, kisha malenge na avokado. Ugali nikauaga.

Sasa wewe fikiria Mbukusu kuaga ugali! Mtu wa kwetu anaweza kula wali, chapati na kuku mzima, halafu aulize chakula kinaletwa saa ngapi. Baba Mercy, mume wangu, siku ya kwanza aliangalia sahani yangu akaniuliza kama nimefuga sungura.

Mtakumbuka hata tulibishana hapa kwamba kumbikumbi tumweke upande gani. Watu wa paleo wakasema ni wetu, wazee wa kale walimla. Watu wa mimea wakasema ana miguu na mabawa, huyo ni mnyama. Nilimpigia Mama simu nikamuuliza. Alisema kumbikumbi anatoka kwenye udongo, na kinachotoka kwenye udongo ni mboga, na kama nina maswali mengine niulize nikiwa nimeshiba. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Na ilifanya kazi, jamani. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma. Miezi ile ya kwanza sukari ilishuka kila nilipopimwa. Ule ukungu uliokuwa unatanda ubaoni nikifundisha ulitoka, nikaanza tena kusoma mwandiko wa watoto bila kusogeza madaftari dirishani. Nesi wa kliniki alinisifu mbele ya foleni nzima. Na nikakonda. Sketi ikawa inazunguka kiunoni, zipu ya nyuma unaikuta mbele.

Mimi nilifurahia kukonda. Nilikuwa peke yangu katika furaha hiyo.

Kwetu mwanamke mtu mzima hakondi hivi hivi. Akikonda, ni ule ugonjwa, na hakuna haja ya kuutaja. Tumezika wengi mno miaka hii, na wote walianza kwa nguo kulegea, kwa hivyo macho ya watu yamejifunza. Kwenye mazishi kule Ndalu shangazi mmoja alinishika mkono kunisalimia, kisha akazungusha vidole vyake viwili kwenye kifundo cha mkono, hapa mtu anapofunga saa. Vidole vilipokutana akaniachilia haraka. Akasema, "Pole, mama." Pole ya nini? Aliyekufa simjui, nilisindikiza tu wenzangu wa kazini. Wiki hiyo hiyo akina mama wa kanisa wakanitembelea na mkate na soda, vitu viwili ambavyo siwezi kula, wakaniombea dhidi ya magonjwa "yanayojulikana na yasiyojulikana". Yasiyojulikana waliyasema kwa sauti zaidi.

Niliandika hayo yote hapa kwa mzaha. Mlicheka pamoja nami. Baba Mercy hakucheka, nami nikadhani ni uchovu wa dukani.

Sasa niwaambie habari ya unga.

Nilikuwa na unga wangu, mnaukumbuka: mbegu za malenge, simsim, omena wakavu, na njugu kiasi. Unakaanga, unasaga, unakoroga na maji moto asubuhi kama uji, jioni unaunyunyiza kwenye mboga. Huo unga ndio uliokuwa ndoa yenyewe. Mbegu na samaki wa wawindaji, njugu za watu wa mimea, vyote kikombe kimoja. Watu wa paleo walinikemea kwamba njugu ni ndugu wa maharagwe. Watu wa mimea walinikemea kwa ajili ya omena. Nikawaambia nyote nyamazeni, uji wangu unapoa.

Baada ya Pasaka Mama akanipigia kutoka Myanga, huko kwetu upande wa Bungoma. Akasema, "Naliaka, wewe una watoto wa watu wa kufundisha, hizo mbegu utakaanga saa ngapi? Nitakuwa nakutengenezea mimi." Niliona ni baraka. Mama yangu na mambo ya kukaanga njugu, hakuna wa kumfikia. Nikamweleza kila kitu na kipimo chake. Akawa anatuma debe dogo kwa gari, na Baba Mercy analichukua stendi kila mara bila hata kukumbushwa. Nikasema kimoyomoyo, kumbe huyu mwanamume ananijali.

Unga wa Mama ulikuwa mtamu kuliko wangu. Nikamuuliza ameongeza nini. Akasema ni mkono tu.

Sukari ikaanza kupanda.

Mwanzo nilidhani ni mashine ya kupimia. Kisha nikadhani ni avokado, nikaacha avokado. Ikapanda. Mkaanza kunishauri kwenye maoni, na mlivyogombana humo ndani! Watu wa paleo wakasema, tulikuambia njugu. Nikampigia Mama: tafadhali toa njugu, ongeza mbegu za malenge. Akasema sawa, mwanangu. Ikapanda. Watu wa mimea wakasema, ni mayai. Nikaacha mayai. Wakasema ni kuku. Nikaacha kuku. Na kila nilichokiacha kiliniachia nafasi ya njaa, na nafasi hiyo niliijaza na nini? Na kikombe kingine cha unga. Si ndio chakula pekee nilichokuwa na uhakika nacho?

Macho yakarudi kwenye ukungu. Mtoto mmoja darasani akaniambia, mwalimu, umenipa alama za Kevo.

Kliniki ndiko nilikoaibishwa zaidi. Nesi yule yule aliyenisifu alinigeuka. Akasema namba haziongopi, wanadamu ndio huongopa, na kwamba mimi nakula ugali mahali. Baba Mercy alikuwa amenisindikiza siku hiyo. Alikuwa amekaa pale pembeni na mwavuli magotini. Nilimgeukia anitetee, kwa sababu yeye ndiye anayeona sahani yangu asubuhi na jioni. Akakohoa, akasema, "Labda huko shuleni, sista. Mimi siko naye mchana."

Shuleni! Mimi ninayebeba chakula changu kwenye kibakuli na kuchekwa na walimu wenzangu. Nikadhani anajaribu kusaidia na amekosa maneno. Nilimtetea yeye, ndani ya moyo wangu, yeye ambaye hakunitetea.

Wakasema nikirudi na namba kama hizo nitaanzishiwa sindano. Najua watu wengi wanaishi vizuri na sindano, msinifundishe. Lakini Baba alianza sindano mwaka ule ule wa mguu, na mwili wangu haujui kutenganisha hayo mawili. Nilirudi nyumbani nikaandika hapa, mwezi wa sita, kwamba nimeshindwa, kwamba paleo na mimea haviwezi kuchanganywa, kwamba mlioniiga mnisamehe. Dada mmoja wa Webuye aliandika kwamba na yeye ameacha, amerudi kwa chakula chake cha zamani kwa sababu yangu. Nimekuwa nikimwaza tangu jana.

Jana.

Shule zimefungwa. Nikaamua kwenda kumwona Mama bila kumwambia, nimshtue kidogo, kwa sababu hupenda kushtuliwa kwa wageni. Nilifika Myanga jua likiwa limepanda, siku ya soko, watu wamejaa na njugu mpya zimetandazwa kila mahali na udongo wake bado. Nikapita kwanza kwenye kisiagi, ile mashine ya kusaga nafaka, maana Jumamosi Mama haukosi mstari wa kisiagi.

Mama hakuwepo, lakini karai lake lilikuwepo kwenye mstari. Nalijua, lina kiraka cha bati upande mmoja, Baba alilitia mwenyewe. Nikachungulia.

Mahindi. Mahindi meupe yaliyokaangwa yakapata rangi, karai karibu lijae. Vipande vya muhogo mkavu. Wimbi. Na huku juu, kama kitu cha kupambia, kiganja cha simsim na njugu.

Nikajiambia huo ni wake, wa uji wake. Mtu akiona jambo kubwa kwanza hulitafutia jina dogo. Mwenye kisiagi, mzee mcheshi aliyejaa unga mpaka kwenye nyusi, akaniona nimesimama pale. Akauliza mimi ni nani wa yule mama. Nikamwambia ni binti yake, wa Kitale. Aliacha mashine ikivuma akanishika mikono yote miwili.

"Ati wewe ndiye yule mgonjwa? Bana, Mungu ni mkubwa! Umesimama na miguu yako! Hii dawa yako mimi ndio nasagianga kila saa. Nilimwambia mama yako, weka mahindi mingi, mtu wa hiyo kitu anataka nguvu."

Wanawake wa mstarini wote waligeuka. Hakuna aliyeniangalia usoni. Waliangalia mikono yangu na shingo yangu, na mmoja akatikisa kichwa kwa huruma halisi kabisa, huruma ya mtu mwema. Sijawahi kutamani kumpiga mtu mwema namna ile.

Mama akatokea na chumvi mkononi. Aliniona, akaona karai, akaona nimeliona. Alichukua karai lake bila kusagiwa, akaliweka kichwani, tukatembea mpaka nyumbani, yeye mbele na mimi nyuma.

Tulipofika nilipiga kelele. Nakiri, nilimpigia mama yangu mzazi kelele jikoni mwake. Nilimwambia kwamba kila kikombe alichonitumia kilikuwa kinanipeleka mahali Baba alikopelekwa. Nilimwambia macho yangu yanaharibika. Nilimwambia afadhali angenikataa waziwazi kuliko kunikubali kwa simu na kunisagia mahindi kwa siri. Yeye aliketi kwenye kigoda akinisikiliza, na alipozungumza aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hivyo si ule ugonjwa?"

Si ule ugonjwa, Mama. Ni sukari. Nilikuambia ni sukari.

"Wote husema ni kitu kingine, mwanangu. Mtoto wa jirani alisema ni kifua."

Nikamuuliza nani alimwingiza hayo kichwani, ni wale wa kisiagi? Akasema angewapuuza watu wa kisiagi. Maneno ya soko anayajua. Kisha akajifunika kichwa na leso, kama vile mtu ameingia, akasema polepole: "Bwana yako alikuja hapa."

Kwa msomaji asiye wa kwetu lazima nieleze, la sivyo hutaona ukubwa wake. Kwetu mkwe mwanamume na mama wa mkewe hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawaongei ana kwa ana. Akija ukweni, yeye hukaa sebuleni na wanaume, na mama hubaki jikoni, na neno likihitajika hupitia kwa mtu wa tatu. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia. Si uadui, ni heshima, na ni heshima inayoogopwa. Tangu Baba Mercy anioe sijawahi kusikia yeye na Mama wakibadilishana hata neno la salamu. Jikoni kwa Mama kwake ni mwiko kabisa.

Na yeye alikwenda akasimama hapo. Kwenye mlango wa jiko. Wakati wa mvua za kupanda, alasiri, Mama akiwa peke yake. Mama aligeuka akatazama ukuta, akasikiliza akiwa amempa mgongo. Baba Mercy alimwambia kwamba mtoto wake anakwisha. Kwamba nakataa chakula. Kwamba watu wanasema. Kwamba Mama anipe unga ninaoutaka, lakini atie chakula ndani yake, chakula cha kweli, na mimi nisijue, kwa maana nikijua nitakataa. Na kwamba yeye mwenyewe, Baba Mercy, atakuwa akiuchukua stendi.

"Mkwe amesimama kwa mlango wa jiko langu," Mama akasema. "Mtu na akili yake. Nifikirie nini mimi? Nilijua ameshachimba kaburi anatafuta tu siku. Hata ningeambiwa nikusagie mawe ningesaga."

Mama, si ungeniuliza tu?

"Nani humuuliza mgonjwa kama anakufa?"

Hapo hasira yangu juu yake iliishiwa na mahali pa kukaa. Bado ninayo kidogo, siwezi kudanganya. Alinisikia kwenye simu nikilia kuhusu namba za kliniki na bado akaendelea kukaanga mahindi. Lakini nikiiangalia naona mwanamke aliyeambiwa kwa njia kubwa kuliko maneno kwamba binti yake anakufa, akafanya anachokijua. Anajua kulisha. Nilimwachia begi la mbegu za malenge nililokuja nalo, akanisindikiza mpaka barabarani akiwa amenishika mkono, na hakuupima.

Huyu mwingine ndiye sijui nimweke wapi.

Nilifika nyumbani jioni akiwa anasikiliza taarifa ya habari. Sikuzunguka. Nilimwambia nimetoka Myanga, nimeliona karai, na najua alisimama mlango gani. Alizima redio. Akaanza na yale ya kawaida: nilifanya kwa ajili yako, ulikuwa unaisha mbele yangu, wewe na hizo saiba zako. Nikamwambia aendelee. Akasema dukani watu wameanza kumwangalia vibaya. Anauza mbolea na dawa za mifugo, wateja ni wakulima, wanaongea. Akasema mteja wa miaka mingi kutoka Kapsokwony alikaribishwa chai akasema ameshakunywa, na siku hiyo hiyo akaenda kuinywa hoteli ya jirani. Akasema, "Watu wakikuangalia wewe wananiona mimi."

Nikamuuliza: na kliniki? Ulipomwambia nesi kwamba labda nakula shuleni, ulijua ni nini kimo kwenye kikombe changu. Ulikaa pale na mwavuli wako ukanisikia nikiitwa mwongo.

Akasema kitu kingine, na hicho ndicho kilichonifukuza usingizini na kinachoniweka hapa saiba na koti langu.

Alisema hakuamini kamwe kwamba ni sukari. Alidhani kliniki ya sukari ni kisingizio. Alisikia kwamba wenye ule ugonjwa huambiwa hospitalini wale mboga na mayai na samaki wadogo, na mimi nikaanza kula mboga na mayai na samaki wadogo. Basi akajijibu. Yale makanisa yangu mawili, hesabu zangu zote za njugu na omena, masomo yangu yote niliyomsomea kwa sauti tukila, yeye aliyasikia kama mtu anayetunga hadithi ndefu ya kuficha jambo fupi.

Tangu mwanzo wa mwaka. Amelala kando yangu, amekula meza moja nami, amenisindikiza kanisani, na muda wote anaamini kwamba ninao na ninamficha. Na hakuniuliza. Aliweza kuvunja mwiko wa ukweni, jambo ambalo wazee wakilisikia watamtoza faini ya mnyama, lakini kunigeukia kitandani akaniuliza, "Mama Mercy, una nini?" hakuweza.

Nimesalitiwa. Nimelitafutia neno laini zaidi tangu jana na sijalipata.

Mnaniuliza kwenye maoni kila siku: mwalimu, hatimaye hizi lishe mbili zinaoana au hazioani? Jibu la kweli ni kwamba sijui, na nilichoandika mwezi wa sita nakifuta leo mbele yenu. Sikujaribu nilichodhani najaribu. Najua tu kwamba kabla ya lile debe la kwanza kutoka Myanga, wakati nilipokuwa nakaanga mwenyewe, sukari ilikuwa inashuka na macho yalikuwa yanaona. Baada ya debe, nilichokuwa nakula hakikuwa cha wawindaji wala cha watu wa mimea. Kilikuwa ugali wa kunywa. Yule dada wa Webuye, kama bado unasoma, usiniamini mimi, nenda kwa daktari wako umuulize upya, na chakula chako kikaange wewe. Mimi naanza tena upya. Mayai yamerudi. Omena wamerudi. Watu wa njugu tutaendelea kugombana.

Nilidhani hayo ndiyo yangekuwa mwisho wa nilichotaka kuandika. Lakini kuna la leo mchana.

Baada ya kanisa nilikuwa nimepoa kiasi. Nikafikiria: mtu huyu ameteseka pia kwa njia yake ya kijinga. Amebeba hofu hiyo peke yake mwaka mzima. Nikaona njia ya kuimaliza mara moja. Tukiwa mezani, yeye na ugali wake, mimi na mrenda wangu, nikamwambia kwa upole kabisa: Kesho twende VCT tupimwe ule ugonjwa. Mimi na wewe, tuingie mlango mmoja, tutoe vidole, tupewe majibu, na hii maneno iishe. Wateja wako uwaonyeshe karatasi ukitaka.

Nilidhani atashusha pumzi. Nilidhani atasema asante.

Akasema kesho kuna mzigo wa mbolea unafika.

Nikasema basi Jumanne. Akamega tonge, akaliviringisha muda mrefu kuliko tonge linavyohitaji. Akasema Jumanne tutaona. Akasema, kwani kuna haraka gani, si umesema ni sukari? Kisha akainuka, na ugali akauacha kwenye sahani. Baba Mercy! Kuacha ugali!

Nilibaki pale na sahani mbili. Mwaka mzima yeye amekuwa akinichunguza mimi, na mimi nimekuwa nikichunguza njugu. Mimi mwenyewe sina wasiwasi, sijawahi kuwa na mwanamume mwingine. Kwa hivyo haikuwahi kunijia kumchunguza mtu mwingine yeyote katika nyumba ile. Haikuwahi kunijia kujiuliza mtu hupata wapi wazo kama lile, na akaliamini upesi hivyo, bila hata kuuliza swali moja.

Mvua imepungua. Mwenye saiba ananiangalia, anataka kufunga.

Kesho asubuhi nitakuwa kwenye foleni ya VCT mapema, kabla hawajafungua, na nafasi ya kando yangu kwenye benchi nitaiwekea mkoba. Akija nitautoa akae. Asipokuja, nitakuwa nimepata majibu mawili siku moja.